Nyumba Nambari Saba

Cheo changu cha kwanza serikalini nilikipata kwa sababu ya nyumba kumi ambazo, kwa muda mrefu, hakulala mtu ndani yake isipokuwa mimi niliyezichora. Nasema haya mapema ili msomaji asije akadhani anasoma habari za mtu mwerevu.

Nilikuwa mchoraji wa majengo katika ofisi moja ya serikali mjini Kisangani, miaka ile ya Zaire ambapo sote tulikuwa watoto wa Chama kimoja. Wanaume tulivaa abakosti, maana koti na tai vilikuwa vimepigwa marufuku, na kila Jumamosi tulitoka na majembe kufanya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mitaro. Abakosti yangu ilikuwa moja, ya rangi ya kahawia, nayo nilimwambia fundi aishone kubwa kidogo kuliko mwili wangu kwa kuwa nilitarajia kunenepa kama wakubwa. Sikunenepa. Mfukoni nilitia kalamu tatu, na moja tu ndiyo iliyokuwa na wino.

Siku moja mkuu wetu wa kazi aliniita. Akaniambia kwamba huko mbele ya Banalia kampuni moja ya mbao imepewa kipande kikubwa cha msitu, na ndani ya kipande hicho walikuwa wakiishi Wambuti, watu wa msitu ambao sisi wa mjini tuliwaita kwa majina ninayoona haya kuyaandika. Wametolewa. Familia kumi zimewekwa kando ya barabara, ng'ambo ya mto Aruwimi, chini ya maturubai, na mvua zinakaribia. Tena Komisaa wa mkoa atapita huko kutazama namna serikali inavyowatunza watu wake. Kwa hiyo zilitakiwa nyumba, zenye kubebwa na lori moja, kwa sababu lori la ofisi lilikuwa moja, na zenye kuhamishika, kwa sababu hakuna aliyejua kampuni itataka kile kipande cha barabara lini.

"Donc, fikiri," mkuu akasema. "Wewe njo intellectuel yetu."

Neno hilo la kuitwa msomi lilinishibisha, hata mchana ule sikula.

Nilikuwa nimeona zamani, katika kitabu cha matangazo ya vifaa kutoka Ubelgiji, picha ya vibanda vya mafundi wa barabara vinavyofungwa na kufunguliwa. Nilichora usiku na mchana. Kuta nane za triplex, zile mbao nyembamba za tabaka tabaka, kila moja na fremu yake. Mabati manne juu. Vyuma vya pembe. Bolti arobaini na nane. Na spana moja, hiyo tu, ya kufungia nyumba nzima. Kila ubao niliupa nambari. Nilipomaliza niliisimamisha michoro ukutani nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama, kama mtu anayemtazama mwanawe akienda kanisani. Nilikuwa nimewabunia watu wa msitu nyumba ya kuhamahama. Kwamba watu hao walikuwa wakihama na kujenga tangu kabla babu yangu hajafika Kisangani kutoka Maniema, jambo hilo halikunipitia kichwani.

Aliyezitengeneza mbao zenyewe alikuwa tonton wangu, mdogo wa baba, seremala wa mtaa wa Kabondo, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa na penseli sikioni. Yeye alikuwa na kipande cha chuma chenye matundu manne, na kila ubao ulipita chini ya chuma hicho ndipo utobolewe, ili bolti ya nyumba ya kwanza iingie katika nyumba ya kumi. Alifanya kazi bila kusema. Siku ya mwisho akaniuliza:

"Na kule, nani atafunga?"

"Wanaume yao, tonton. Nitawafundisha."

"Umewauliza?"

"Kuwauliza nini?"

Alinitazama, akairudisha penseli sikioni, akaenda kunawa kwa ajili ya swala. Mimi nikadhani amechoka.

Nyumba ya majaribio niliisimamisha uani kwangu. Majirani walikuja kuishangaa na mimi nikasimama mlangoni nikieleza, huku jasho likinitiririka, kwa sababu mchana ndani mlikuwa moto kama tanuri. Mke wangu alitia humo makaa na kuku. Jumapili moja nilirudi nyumbani nikakuta nyumba imehama: yeye na majirani zake wawili walikuwa wameifungua na kuifunga tena karibu na jiko, mahali palipo na kivuli. Nilikasirika sana. Nilimwuliza nani kampa ruhusa ya kushika spana. Akaniambia spana ilikuwa juu ya meza, na kama nilitaka ruhusa basi ningeiweka juu ya kabati. Nikakagua bolti zote arobaini na nane nikitafuta kosa, na nilipolikosa nikanyamaza siku mbili.

Safari ya Banalia sitaieleza, maana lori liliharibika kwa namna ambayo malori yote ya nchi yetu yaliharibika. Tulivuka Aruwimi kwa feri, nikiwa nimesimama mbele juu ya mbao zangu, abakosti ikipepea.

Kambi ilikuwa ukanda mwembamba kati ya barabara na msitu uliokwisha kukatwa. Upande wa pili wa barabara msitu ulikuwa bado umesimama, ila huko sasa kulikuwa na kizuizi cha gogo na walinzi wa kampuni. Chini ya maturubai walikaa watu kama hamsini. Niliwahutubia. Niliwaambia kwamba Chama hakimsahau mtu, na kwamba kuanzia leo watakuwa na nyumba ambazo hata Ubelgiji zipo. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Mtu mmoja alipochoka kusikiliza aliondoka taratibu, akifuatwa na mwingine, mpaka nikajikuta nawahutubia watoto na mbwa.

Nilipima kwa kamba. Nyumba kumi, mstari mmoja, mita nne kati ya nyumba na nyumba, milango yote ikiitazama barabara ili Komisaa akipita aione yote kwa mara moja. Kisha niliwakusanya wanaume. Hapo ndipo nilipogundua kwamba vishikio vya mbao nilivipima kwa bega la tonton, naye ni mrefu, na kwamba wanaume hawa walipaswa kuvifikia kwa ncha za vidole. Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini walikuwa hodari: asubuhi moja tu, na kila mmoja alijua ubao gani unakwenda wapi. Nambari hawakuzisoma hata kidogo; walitazama jinsi mbao zilivyo, wakazijua. Niliteua kumi kuwa responsables, wasimamizi wa nyumba, kila mmoja nikamkabidhi spana yake na karatasi ya kutia kidole gumba.

Wanawake walikuwa wamekaa kando wakitazama. Wawili walisogea kushika ubao, nami nikawarudisha kwa upole.

"Pole, bamama, mutaumia," niliwaambia. "Hii iko kazi ya nguvu."

Walitazamana. Aliyekaa mbele yao alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa. Alijua Kiswahili chetu vizuri kwa sababu alipokuwa msichana alichota maji katika shamba moja la kahawa. Pembeni yake alikaa binti yake, tumbo limeshuka, mimba ya kwanza. Niliona tumbo lile na nikafurahi. Nilisema moyoni: mtoto wa kwanza wa nyumba zangu.

Baada ya siku sita nyumba kumi zilisimama. Mstari ulinyooka hata machozi yakanilenga. Nikawaambia waingie.

Hakuingia mtu.

Siku ya kwanza nilidhani ni haya. Siku ya pili nilidhani wanaogopa mabati. Siku ya tatu, ili kuwaonyesha mfano, nilihamia mwenyewe katika nyumba nambari moja na sanduku langu na chandarua. Jioni ile wanaume wawili waliniletea makemba, zile ndizi za kuchoma, na samaki, wakaviweka mlangoni, wakanitazama kwa huruma, wakaenda zao. Kesho yake tena. Niliandika katika ripoti yangu: "Wenyeji wanaonyesha heshima kubwa kwa mjumbe wa serikali." Baadaye nilikuja kujua kwamba walikuwa wakinilisha kama wanavyomlisha mjane mwanamume asiye na mtu.

Wiki ikapita. Watu walibaki chini ya maturubai, yaliyokuwa yameanza kupasuka, na nyumba zangu zilibaki tupu. Mvua za kwanza zilinyesha. Mchana nilipita mstarini nikafungua mlango mmoja mmoja na kuufunga, nikijifanya nina la kukagua.

Kisha siku moja mke wa mmoja wa responsables aligombana na mumewe. Sikujua chanzo, nilisikia makelele. Mwanamke akatoka chini ya turubai mbiombio, akaja mpaka nyumba nambari nne, ile iliyoandikwa jina la mumewe, akaanza kuizunguka. Aliipapasa ukutani. Alitazama juu ya bati. Akachuchumaa penye pembe, akashika kichwa cha bolti kwa kucha akakizungusha, hakikuzunguka. Akaenda bolti ya pili, akaifanyia vile vile. Watu wote walikuwa wamesimama wakimtazama. Mimi, mbwa mimi, nilimsogelea nikitabasamu. Nilidhani anastaajabia ufundi. Nilimweleza kwamba bolti hizo hazitalegea hata miaka kumi.

Alinitazama usoni, akaangua kilio, akarudi kwenye turubai. Wanaume waliinamisha vichwa. Hata mume aliyegombana naye alionekana kama mtu aliyefiwa.

Yule mama wa makamo ndiye aliyekuja kuniokoa na ujinga wangu. Alikuja na binti yake, wakakaa chini mbele ya nyumba nambari moja. Mimi nilikaa juu ya sanduku, ndani, kama tajiri.

"Papa, minakuuliza," akasema. "Kule kwenu, mwanaume akipika, watu banakula?"

"Banakula," nikasema. "Kama hana bibi."

"Bon. Na huku kwetu, mwanaume akijenga nyumba, ile nyumba iko ya mutu hana bibi."

Akanieleza polepole, kama ninavyoeleza mimi watu juu ya michoro. Nyumba ni ya mwanamke. Mama humfundisha binti yake kukata fito, kuzikunja, na kupanga juu yake majani ya mongongo, yale mapana ambayo sisi tunafungia chikwangue, mkate wetu wa muhogo. Mwanamume huingia kwa sababu ameruhusiwa. Mke akiwa na neno moyoni, hasemi sana: anaanza kunyofoa majani ya nyumba yake, moja moja, taratibu. Mume anaona jua limeingia ndani, anajua sasa jambo ni kubwa, anakuja kusema maneno mazuri, naye mke anayarudisha majani. Ndivyo wanavyoelewana.

"Sasa hizi yako," akasema, akainua kidevu kuelekea mstari wangu, "mwanamuke atatoa nini? Clé, ile spana, iko kwa bwana yake. Nyumba bwana yake amefunga. Akikasirika, ni yeye njo atatoka. Ataenda wapi?"

Ningeweza kujitetea kwamba haya hayakuwa katika michoro. Nilijitetea hivyo hasa.

Hakubishana. Alimwekea binti yake mkono begani.

"Huyu iko karibu. Mutoto ya kwanza anazaliwa ndani ya nyumba mama yake na nyanya yake bamejenga, na hatoki mpaka kitovu kianguke. Majani iko kule." Alielekeza kidole ng'ambo ya barabara, kwenye gogo la walinzi. "Nilienda mara mbili. Banatufukuza. Huku hakuna majani, hakuna fito. Basi unipe clé. Nitafanya na mbao yako."

Jambo hilo nililielewa vizuri mno. Mke wangu alipojifungua, mama yangu alimfungia ndani siku arobaini, na hata mimi mwenye nyumba nilibisha hodi. Binti aliyekaa mbele yangu hakuwa akiomba hata robo ya hizo. Aliomba kuta na bati, ambavyo nilikuwa navyo mara kumi, na haki ya kuvifunga mwenyewe.

Nikamwambia kwamba spana zimeshakabidhiwa responsables kwa karatasi. Nikamwambia Komisaa anakuja na mstari usiguswe. Nikamwambia nitaandika barua Kisangani kuomba maelekezo.

"Mutoto atangoja barua?" akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kama kwetu wanangoja.

Alasiri ya kesho yake mvua ilinyesha ile yenyewe, inayokuja na upepo wa kuvunja matawi. Nilikuwa nimekaa nyumba nambari moja, mkavu kabisa, nikinywa chai. Mlango ulikuwa wazi nami niliona yote. Niliona turubai la yule mama likiinuka upande mmoja, wanawake wanne wakilikalia pembe kwa miili yao, na katikati yao binti amechuchumaa na maji yanampita chini ya miguu kama mtaro wa salongo. Bati langu halikuvuja hata tone. Nakumbuka nililitazama kwa kuridhika, mazoea ni kitu kibaya, kisha nikaona aibu iliyonifanya niiweke chai chini. Nilichukua spana yangu mwenyewe, ya akiba, nikatoka kwenye mvua. Abakosti ilinilowa mpaka ikawa inanitosha. Nilimpa yule mama mkononi. Hakunishukuru, maana alikuwa amelishikilia turubai kwa mkono ule mwingine.

Mvua ilipokatika walianza. Walichagua nyumba nambari saba, iliyokuwa karibu na mti. Wanaume waliondoka kwenda mtoni, wote, na mimi wakaniambia kwa ishara nisogee mbali. Nilisogea lakini nilichungulia.

Sijapata kuona kazi kama ile. Tonton angeipenda. Walifungua bolti zote wakazitia katika kikapu, na mbao wakazibeba mpaka chini ya mti. Mbao nne walizilaza kwa ubavu, zikawa fupi, za kimo chao. Vyuma vyangu vya pembe walivitupa. Kuta walizikutanisha kwa mshazari, zikaegemeana na kuzunguka, wakatia bolti chache pale matundu ya tonton yalipokutana, kwingine wakafunga kwa kamba za msituni. Mabati mawili tu yalitumika, yakiwa yameinamishwa. Juu yake walitupia matawi ili yasiwe moto. Mlango haukuitazama barabara. Uliutazama moto wa yule mama. Wanawake watatu walifanya yote hayo kabla jua halijazama, wakipiga soga, na binti mwenye mimba ndiye aliyekaza bolti za mlango, maana nyumba ni yake. Yule mwanamke aliyegombana na mumewe aliomba spana kidogo, akaenda nyumba nambari nne, akafungua bolti moja. Moja tu. Mumewe alipotoka mtoni aliiona, akaenda kumwomba radhi, na watu wote wakacheka, nami nikacheka nao ingawa bolti ilikuwa yangu.

Mtoto alizaliwa siku ya tatu, asubuhi. Wa kike. Sikuruhusiwa kumwona, lakini nilisikia sauti yake kupitia triplex yangu. Nyanya yake alitoka akaniambia:

"Analia muzuri. Mbao haivuji."

Sijawahi kusifiwa hivyo tena. Wanawake wengine walianza kuja kuomba spana, nyumba nambari mbili, nyumba nambari tano. Niliwaambia wangoje kidogo, Komisaa apite kwanza, kisha wafanye wanavyotaka. Nilijiona mtu wa hekima, mtu anayejua kupanga mambo. Niliketi nikaandika ripoti mpya ya kurasa sita, ambamo nilieleza kwamba nyumba zangu zilibuniwa tangu mwanzo ili akina mama wazipange wapendavyo. Niliandika "tangu mwanzo" nikaipigia mstari.

Komisaa alifika siku mbili kabla ya siku aliyotangaza. Mtoto alikuwa na siku nne. Magari matatu, kikundi cha akina mama wa Banalia cha kuimba na kucheza kikiwa katika sare, mpiga picha, na mkuu wangu wa kazi, ambaye alikuwa amenunua viatu vipya na alitembea kama anayekanyaga mayai. Komisaa alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Alipita mstarini akigonga kila ukuta kwa kiungo cha kidole. Gonga, gonga. Alisema "très bien", vizuri sana, mara sita. Alipofika penye nafasi ya nyumba nambari saba alisimama.

Palikuwa kama jino limeng'oka. Nyuma yake, chini ya mti, ile nyumba ya mshazari yenye matawi juu.

"Na ile?" akauliza.

Mkuu wangu akanitazama. Ripoti yangu ilikuwa mfukoni, kurasa sita, na kalamu tatu. Niliifikiria hotuba yote niliyotakiwa kuitoa, na hata leo naweza kuitoa bila kukosea neno. Kinywa changu kikasema:

"Ni... ni ya muda, Citoyen Commissaire."

"Bon," akasema kwa upole ule ule. "Muirudishe pa yake. Photo itakuwa na kumi."

Wala hakukasirika. Akaenda kivulini kungoja, akaletewa kiti na soda. Mkuu wangu aliwaita responsables. Walikuja wote kumi, na spana zao mikononi, wakasimama mbele ya ile nyumba. Akawaambia wafungue. Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja wao, mume wa binti mwenyewe, aliweka spana yake chini kwenye majani. Mwingine akaweka. Hawakugoma, nyuso zao zilikuwa za mtu aliyeambiwa avue nguo za mama yake sokoni. Mwanamume habomoi nyumba ya mwanamke, hilo lilikuwa wazi kwao kama mchana. Wakaondoka kuelekea mtoni.

"Wewe umejenga," mkuu akaninong'oneza. "Fungua. Mbio."

Ningeweza kusema hapana. Nimetafuta miaka mingi sababu iliyonizuia na sijaipata kubwa. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyetaja gereza. Nilitaka tu mkuu aache kunitazama namna ile, na nilitaka ile picha yenye nyumba kumi.

Nikaokota spana mojawapo. Yule mama alikuwa amekaa mlangoni. Nilidhani atanitukana, na kusema kweli nilitamani anitukane, ningepata nafuu. Alinitazama mkononi, akainuka, akaingia, nikamsikia akisema na binti yake kwa lugha yao. Akatoka. Akashika ubao wa kwanza kwa mikono yote miwili ili usije ukaangukia ndani nitakapoufungua.

"Pole pole, papa," akasema. "Mutoto analala."

Basi nikafungua polepole. Kila bolti niliyoitoa niliiweka juu ya majani, isilie. Kamba nilizikata kwa kisu bila kuvuta. Nilikuwa mwangalifu hata nikaanza kujisifu moyoni kwa upole wangu, Mungu anisamehe, nikijiambia kwamba mwingine angekuja na nyundo. Nyuma yangu akina mama wa Banalia walikuwa wakijaribu wimbo wa kumkaribisha Komisaa kwa sauti ndogo. Nilishusha matawi, kisha bati la kwanza, mimi upande mmoja na nyanya upande wa pili, tukalilaza chini bila kishindo. Binti alikuwa ameketi ndani, mgongo ameuelekeza kwangu. Mtoto alilala mapajani mwake, kitovu chake bado kimefungwa uzi.

Tuliposhusha bati la pili jua lilimwingia machoni, akaamka.

Mama yake hakugeuka. Nyanya aliniachia bati nilishike peke yangu, akavuka ukuta, akasimama juu yao wawili akiwakinga kwa kivuli cha mwili wake, na kwa kuwa alikuwa mfupi kivuli hakikutosha, ilimbidi ainame. Alibaki hivyo, ameinama, akinitazama. Nikaliweka bati chini, nikaendelea. Zilikuwa zimebaki bolti kumi na moja.